Bowie Kuhn: Kamishna aliyezuia mauzo ya wachezaji watatu

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, simu za studio yetu hazipumziki. Kuanzia Bunju na Mapinga, Zinga na Kaole, hadi huko Saadani, wasikilizaji wanauliza jambo moja kwa namna nyingi: mwenye kauli ya mwisho juu ya mchezaji ni nani? Ni klabu, ni mchezaji mwenyewe, au ni mtu wa tatu aliyekaa ofisini? Swali hili liliwaka zaidi wakati wa sakata la Feisal Salum, Fei Toto, aliyetaka kuondoka Yanga Desemba 2022. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, na mambo hayakutulia hadi Juni 2023 alipohamia Azam. Tulibishana hewani mpaka muda wa kipindi ukatuishia.

Tuliahidi siku ile kwamba tutaeleza kisa cha mbali kidogo, cha mtu aliyeshika mamlaka makubwa kuliko kamati yoyote tunayoijua hapa kwetu. Jina lake Bowie Kuhn. Alikuwa kamishna wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani kuanzia mwaka 1969 hadi 1984, na mwezi Juni 1976 alifuta kwa tamko moja mauzo ya wachezaji watatu yaliyofikia dola milioni 3.5.

Kwa wasioijua besiboli, ni ule mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu: mmoja anarusha, mwingine anapiga, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Kwetu haujazoeleka, ingawa Dar es Salaam upo uwanja wake pale Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Sheria za mchezo wenyewe hatuzihitaji sana katika habari hii. Habari hii ni ya mikataba.

Kuhn alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1926 huko Takoma Park, jimbo la Maryland, na akakulia pembeni mwa mji wa Washington. Akiwa kijana alipata kazi ya kubadilisha namba kwenye ubao wa matokeo wa uwanja wa Griffith, nyumbani kwa timu ya Washington Senators. Timu hiyo ilikuwa ikifungwa mara kwa mara, lakini mapenzi yake kwa mchezo hayakupungua. Alikuwa mrefu mno, karibu mita mbili, na mpole wa kuongea. Alisoma Chuo Kikuu cha Princeton, akamaliza mwaka 1947, kisha akasomea sheria Chuo Kikuu cha Virginia na kuhitimu 1950. Akaingia katika ofisi ya mawakili jijini New York ambayo mmoja wa wateja wake alikuwa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya besiboli. Kwa karibu miaka 20 kazi yake ilikuwa kuwatetea wenye timu.

Februari 1969 wenye timu walihitaji kamishna mpya, wakashindwa kukubaliana, na mwishowe wakamchukua wakili wao. Alikuwa na miaka 42.

Hapa lazima tueleze cheo chenyewe. Mwaka 1919 wachezaji wanane wa Chicago White Sox walihusishwa na kupokea fedha ili wapoteze fainali kwa makusudi. Ligi ikaaibika nchi nzima. Ili kurudisha imani ya watu, wenye timu walimwita jaji, Kenesaw Mountain Landis, wakampa uwezo wa kuchukua hatua yoyote aliyoona ina manufaa kwa mchezo. Maneno hayo mapana yakabaki katika katiba ya ligi. Kamishna anaajiriwa na kulipwa na wenye timu, wakati huohuo anaweza kuwaadhibu. Fikiria mwenyekiti wa Bodi ya Ligi anayelipwa mshahara na klabu zenyewe, halafu ana ruhusa ya kufuta mkataba wa klabu yoyote kwa sababu anaona haufai. Ndicho kiti alichokalia Kuhn.

Mtihani wa kwanza ulimfikia kabla hajamaliza mwaka, kwa njia ya barua. Mwandishi wake alikuwa Curt Flood, Mmarekani mweusi, mchezaji wa uwanja wa nje wa St. Louis Cardinals, bingwa mara mbili na timu hiyo, mmoja wa wadakaji hodari wa enzi zake. Oktoba 1969, baada ya misimu 12, timu ilimbadilisha na wachezaji wa Philadelphia bila kumuuliza. Wakati ule kila mkataba wa besiboli ulikuwa na kifungu kinachoiruhusu klabu kuuongeza mwaka mmoja, na klabu zilikitafsiri kwamba zinaweza kuuongeza tena na tena. Kwa hiyo mchezaji alikuwa mali ya klabu mpaka imwache, imuuze au astaafu.

Flood alimwandikia Kuhn Desemba 24, 1969. Alieleza kwamba baada ya miaka yote ile hajioni kuwa kitu cha kuuzwa na kununuliwa bila ridhaa yake, akaomba kamishna azitaarifu timu zote kwamba yuko tayari kusikiliza ofa kwa msimu wa 1970. Kuhn alijibu kwa adabu. Alikubali kwamba Flood ni binadamu na si mali, lakini hakuona jambo hilo linaigusaje hali iliyopo. Mkataba ni mkataba. Akakataa.

Kwetu hapa Bagamoyo maneno ya Flood yana uzito wake. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, pembe za ndovu na watu wakifikishwa pwani pamoja, na mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni mwaka 1868 walikuwa wakiwanunua watoto watumwa ili kuwaacha huru. Flood alikuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, fedha nyingi sana wakati ule, na wengi walimbeza kwa kujifananisha na mtumwa. Sisi hatusemi ni jambo moja. Ila hewani kila siku tunatangaza kwamba klabu fulani imemuuza fulani, na ulimi hautusiti hata kidogo.

Flood alimshtaki Kuhn kwa jina. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na Juni 1972 majaji watano kwa watatu waliamua dhidi yake. Alikuwa amekaa nje msimu mzima wa 1970. Mwaka 1971 alijaribu kurudi na timu ya Washington, akacheza mechi 13 tu, akaondoka.

Hata hivyo mlango ulikuwa umeanza kulegea. Chama cha wachezaji kilikuwa na kiongozi machachari, Marvin Miller, mchumi aliyetoka chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Mwaka 1975 warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, walicheza bila kusaini mkataba mpya. Desemba 23 mwaka huo msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba ule mwaka mmoja wa nyongeza ni mwaka mmoja kweli, ukiisha mchezaji yuko huru. Wenye timu walimfukuza Seitz papo hapo, lakini uamuzi wake ukabaki.

Sasa anaingia Charles Finley, mfanyabiashara wa bima wa Chicago na mwenye timu ya Oakland Athletics. Finley alikuwa mbahili na mwenye makeke, na alikuwa na timu bora: mabingwa 1972, 1973 na 1974, mfululizo. Tayari alikuwa amempoteza mrushaji wake mkubwa, Catfish Hunter, kwa sababu yeye mwenyewe alikiuka masharti ya malipo ya mkataba. Katikati ya mwaka 1976 aliona wengine nao wataondoka bure msimu ukiisha. Akaamua kuwauza kabla hawajaondoka.

Juni 15, siku ya mwisho ya mauzo, alimuuza mrushaji Rollie Fingers na mchezaji wa uwanja wa nje Joe Rudi kwa Boston, dola milioni moja kila mmoja. Vida Blue, mrushaji wa mkono wa kushoto, akamuuza New York Yankees kwa milioni moja na nusu. Ikatokea kwamba siku hiyo Boston walikuwa Oakland kwa mechi. Fingers na Rudi walibeba mabegi yao wakavuka kwenda chumba cha wageni, wakapewa jezi mpya. Hawakucheza nazo hata dakika moja.

Kuhn aliwaita wahusika New York, akawasikiliza Juni 17, na kesho yake akafuta yote. Hoja yake ilikuwa kwamba timu tajiri zikiruhusiwa kuzoa nyota kwa fedha taslimu, ushindani utakufa, timu inayouza itabaki gofu, na watu watapoteza imani na ligi.

Finley alimtukana hadharani, kisha akafungua kesi ya dola milioni 10. Alikuwa na hoja. Hapakuwa na kanuni iliyokataza kuuza mchezaji kwa fedha. Babe Ruth mwenyewe, mchezaji mashuhuri kuliko wote, aliuzwa hivyohivyo na Boston kwa Yankees. Timu hiihii ya Athletics, enzi ikiwa Philadelphia chini ya Connie Mack, iliwahi kuuza nyota wake kwa makundi na hakuna kamishna aliyezuia. Hata Miller wa chama cha wachezaji alilaumu uamuzi ule. Lakini mahakama ilisema kamishna alitenda kwa nia njema ndani ya mamlaka aliyopewa, na mwaka 1978 mahakama ya rufaa ikakazia hivyo. Mahakama haikusema kwamba uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Ilisema tu kwamba ulikuwa wake kuutoa.

Wachezaji watatu walirudi Oakland, na Finley akakataa wasichezeshwe. Karibu wiki mbili walikaa tu benchi, mpaka wenzao walipotishia kugoma ndipo akalegeza. Oakland ilimaliza msimu nafasi ya pili, michezo miwili na nusu nyuma ya Kansas City. Kila mshabiki wa mpira anaelewa wiki mbili bila nyota watatu maana yake nini.

Halafu yakatokea yaleyale aliyoyaogopa Finley. Msimu ulipoisha, Fingers akaenda San Diego na Rudi akaenda California Angels, wote wakiwa huru, na Finley hakuambulia hata senti. Mwaka uliofuata Oakland ilishika mkia. Alipojaribu kumuuza Blue kwa Cincinnati kwa dola milioni 1.75 pamoja na mchezaji mmoja, Kuhn alizuia tena. Mwaka 1979 timu ilipoteza mechi 108, na watazamaji wa nyumbani msimu mzima walikuwa 306,763. Yankees, waliozuiwa kumnunua Blue, walimsajili Reggie Jackson, nyota wa zamani wa Oakland huyohuyo, akiwa mchezaji huru, wakachukua ubingwa 1977 na 1978. Timu iliyokuwa ilindwe ndiyo ikawa gofu.

Sisi tunaona Kuhn hakuwa mtu wa hila. Aliamini kweli kwamba anaulinda mchezo. Kinachotusumbua ni kuziweka barua ya 1969 na amri ya 1976 mezani pamoja. Mchezaji alipomwomba asihamishwe kwa nguvu, kamishna alisema mkataba unamfunga mikono. Klabu zilipokubaliana bei, kwa mkataba halali, mikono ikafunguka. Maneno ya katiba yalikuwa yaleyale mara zote mbili. Kama manufaa ya mchezo yalitosha kumzuia Finley, yangetosha pia kumsikiliza Flood.

Kazi yake ilikuwa na mengine. Chini yake fainali zilianza kuchezwa usiku mwaka 1971 ili watu wa kazini waone kwenye televisheni, na watazamaji viwanjani walipanda kutoka karibu milioni 23 mwaka 1968 hadi zaidi ya milioni 45 mwaka 1983. Walimcheka alipokaa bila koti katika fainali ya usiku wa baridi kali mwaka 1976, kana kwamba anataka kuthibitisha kwamba hakuna baridi. Walimlaumu Aprili 1974 kwa kutokuwepo uwanjani Hank Aaron, mchezaji mweusi aliyekuwa akiandikiwa barua za vitisho, alipovunja rekodi ya Babe Ruth. Kuhn alikuwa na mkutano Cleveland. Mgomo wa wachezaji wa 1981, uliodumu siku 50, ulimmaliza nguvu. Novemba 1982 wenye timu walikataa kumwongezea muda, na mwaka 1984 alimwachia kiti Peter Ueberroth.

Alirudi kwenye uwakili, ofisi aliyoianzisha na mwenzake ikafilisika, akahamia Florida. Alifariki Machi 15, 2007 huko Jacksonville akiwa na miaka 80. Desemba ya mwaka huohuo alichaguliwa kuingia katika Jumba la Heshima la besiboli. Katika kura ileile Marvin Miller alikataliwa. Yeye alichaguliwa Desemba 2019, miaka saba baada ya kufa. Curt Flood alifariki Januari 1997, na mwaka uliofuata Rais Bill Clinton alisaini sheria yenye jina lake inayowapa wachezaji wa besiboli haki aliyoinyimwa mahakamani. Katika Jumba la Heshima hayumo hadi leo.