Beryl Markham: Mwanamke aliyeijua thamani ya farasi kabla ya mbio

MNUNUZI wa maksai anapofika mnadani hana cha kumwongoza zaidi ya macho yake. Ng'ombe hana cheti. Mkulima wa Ubaruku anayetafuta jozi ya kulimia majaruba humtazama mnyama miguu, nundu na pua, humtembeza hatua chache, humkagua kwato, kisha huamua kama atoe fedha au arudi nazo nyumbani. Akikosea, plau inakwama katikati ya msimu wa mpunga na hasara yote ni yake.

Beryl Markham aliishi kwa kazi inayofanana na hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, ila mnyama wake alikuwa farasi wa mashindano. Dunia inamkumbuka zaidi kama rubani. Kenya ilimfahamu kwanza, na mwisho pia, kama mkufunzi wa farasi ambaye wacheza dau hawakuthubutu kumpuuza.

Wengi wa wakazi wa bonde la Usangu hawajawahi kumwona farasi wa mbio kwa karibu, na sababu ni ya kitaalamu. Mbung'o humwambukiza farasi nagana, na visubi wa maeneo yenye majimaji humwambukiza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao unaweza kumuua katika siku chache. Ndiyo maana farasi walistawi zaidi kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama Njoro nchini Kenya, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko maisha ya Beryl yalikoanzia kueleweka.

Alizaliwa Uingereza Oktoba 26, 1902. Baba yake, Charles Clutterbuck, alihamia Kenya akaanzisha shamba Njoro, katika ardhi ambayo utawala wa kikoloni ulikuwa ukiwagawia walowezi wa Kizungu. Mama hakuyaweza maisha yale akarudi Uingereza na mtoto wa kiume, akamwacha Beryl kwa baba yake. Msichana huyo alikulia mabandani na porini, pamoja na watoto wa Kikalenjini waliokuwa jirani na shamba. Mmoja wao, Kibii, ambaye baada ya kuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta, alikuja kufanya naye kazi kwa miaka mingi.

Baba yake alikuwa mmoja wa wakufunzi hodari wa farasi katika koloni hilo. Lakini farasi hawakulipa gharama zote za shamba, hivyo alikuwa na mashine za kupasua mbao na za kusaga nafaka. Hizo za nafaka ndizo zilizomwangusha.

Clutterbuck aliingia mikataba ya kupeleka magunia ya unga kwa bei iliyopangwa mapema. Kisha mvua zikakosekana. Nafaka aliyotakiwa kununua ili aisage ikapanda bei kupita ile aliyokubali kuuzia unga wake. Kila gunia alilopeleka likawa hasara, na bado alipeleka kwa sababu mkataba ni mkataba. Wakulima wanaouza mpunga kabla haujavunwa wanaifahamu hali hiyo kwa upande wa pili: bei ikipanda, faida humwendea mnunuzi. Yeye alikuwa ameahidi unga bila kuwa na nafaka ghalani, jambo ambalo ni la hatari zaidi.

Mwaka 1920 kukaongezeka balaa la fedha. Thamani ya rupia iliyotumika Afrika Mashariki ilipandishwa kutoka peni 16 za Kiingereza hadi peni 24. Kwa mlowezi aliyedaiwa kwa rupia huku mazao yake yakiuzwa kwa pauni, deni liliongezeka kwa nusu nzima bila kukopa hata senti moja zaidi. Wengi walitikisika. Clutterbuck alipoteza shamba, akaenda Peru kufundisha farasi.

Beryl, akiwa bado hajatimiza miaka 20, alibaki. Kwa maelezo ya kitabu chake cha kumbukumbu, aliondoka Njoro akiwa amepanda farasi wake Pegasus, mali yake yote ikiwa kwenye mifuko ya tandiko, akaelekea Molo kuanza kufundisha farasi wa watu wengine. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kupata leseni ya ukufunzi wa farasi wa mbio. Arap Ruta alimfuata baadaye. Katika mabanda yote ya wakati ule saisi Mwafrika ndiye aliyelala karibu na farasi, akamlisha, akamsugua na kumtembeza, lakini jina lake halikuandikwa kwenye ratiba ya mbio. Anayesoma maisha ya Beryl bila kumhesabu arap Ruta anasoma nusu ya hesabu.

Kabla ya mbio kuanza, farasi huzungushwa kwa hatamu katika uwanja mdogo wenye uzio, mbele ya watu wanaotaka kuweka dau. Hapo ndipo kila mmoja hujifanya mtaalamu. Zipo dalili ambazo wajuzi hukubaliana nazo. Ya kwanza ni mwendo. Farasi aliye sawa hutembea kwa hatua ndefu na laini, ukwato wa nyuma ukikanyaga mbele ya alama iliyoachwa na ule wa mbele. Anayefupisha hatua, au kuinua kichwa ghafla kila mguu mmoja wa mbele unapogusa ardhi, ana maumivu. Dalili hiyo haihitaji farasi; hata maksai mwenye mguu mbovu huisema hivyo hivyo.

Manyoya nayo huzungumza. Yakiwa yamelala na kung'aa, mnyama ana afya na amelishwa vyema. Yakiwa yamesimama na kufifia, kuna minyoo, homa au lishe duni. Kwenye mbavu ndipo wageni wanapodanganyika. Anayezoea kununua ng'ombe hupenda mnyama aliyejaa, na akiona mbavu za mwisho za farasi zikichungulia hudhani ana njaa. Kumbe farasi aliyefundishwa akaiva huwa hana mafuta ya ziada, na mbavu mbili tatu kuonekana kidogo si kasoro mradi misuli ya mapajani na mgongoni imejaa. Kasoro ni tumbo lililopanda juu sana na kunywea ubavuni, maana mara nyingi huyo ameugua au amechoshwa na safari.

Kuhusu jasho, mabishano hayaishi. Povu shingoni na katikati ya mapaja kabla ya mbio kwa kawaida huonyesha wasiwasi, na nguvu inayoishia kwenye wasiwasi haitakuwepo mita mia za mwisho. Masikio yaliyolazwa nyuma, jicho linaloonyesha weupe, mkia unaochapa huku na huku hueleza hivyo hivyo. Hata hivyo, jua likiwa kali farasi wote hutoka jasho, na wapo ambao hulowa kila mara na bado wakashinda. Kwa hiyo si jasho lenyewe linalohesabiwa. Linalohesabiwa ni kama farasi huyu, leo, amebadilika kutoka kawaida yake.

Hapo mkufunzi humzidi mtazamaji. Mtazamaji humwona farasi kwa dakika kumi. Beryl aliwaona wake kila alfajiri, na alijua nani anabakiza chakula na nani mguu wake una joto ukipapaswa.

Mwaka 1926 ndio uliolipa kazi hiyo. Beryl alikuwa akimwandaa dume aitwaye Wrack kwa ajili ya mashindano ya St Leger jijini Nairobi. Zikiwa zimebaki takriban wiki 12, mwenye farasi akamwondoa na kumpeleka kwa mkufunzi mwingine, akiona kwamba binti kama yule hatoshi kwa mbio kubwa namna hiyo. Beryl akabaki na wiki 12 bila farasi wa kushindana.

Akapewa Wise Child, jike mwenye asili nzuri na kano mbovu za miguu. Alikuwa ameendeshwa kupita kiasi huko alikotoka, na mtu yeyote mwenye macho aliweza kuona kwamba miguu ile isingestahimili mazoezi ya kawaida. Kitabu kinasimulia kwamba Beryl hakubishana na kasoro hiyo. Aliifanyia kazi. Alimkimbiza jike huyo kwenye tope laini la kando ya ziwa katika Bonde la Ufa, kati ya makundi ya heroe, ili mapafu na misuli viive bila kano kugongwa na ardhi ngumu. Miguu ilisuguliwa na kufungwa bandeji siku baada ya siku.

Siku ya mbio, macho ya watu yalikuwa kwa Wrack. Alikuwa na mwili, alikuwa na sifa, na msingi wa maandalizi yake uliwekwa na Beryl mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyejua ubora na mipaka yake kuliko yeye. Wise Child alionekana kuwa farasi wa kubahatisha. Akashinda.

Ushindi huo una somo la bei ambalo waandishi wa habari za michezo hulipita haraka. Kumtambua farasi mzuri ni kazi nusu, kwa sababu na wengine wamemtambua. Kwa mfano, farasi mwenye nafasi moja ya kushinda kati ya nne, akiwekewa dau la shilingi 1,000 mara nne, atashinda mara moja. Ikiwa malipo ya ushindi pamoja na dau ni shilingi 3,000, mchezaji ametoa 4,000 na kurudishiwa 3,000, japo farasi ni mzuri. Malipo yakiwa 7,000, farasi yule yule amemletea faida ya 3,000. Wrack aliuzwa kwa bei ya sifa zake. Kano za Wise Child zilimshusha bei kuliko uwezo wake halisi, na aliyezishika kano hizo kila asubuhi ndiye pekee aliyejua zimepona kiasi gani.

Mengine ya maisha yake yameandikwa sana. Alijifunza urubani miaka ya mwanzo ya 1930, akabeba abiria na barua, akawasaidia wawindaji kutafuta tembo kutoka angani, kazi ambayo leo haina wa kuisifia. Septemba 4 na 5, 1936 alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka mashariki kwenda magharibi, akaangukia kwenye matope ya Nova Scotia, Canada, baada ya zaidi ya saa 21 angani. Kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka 1942 na kikasahaulika upesi. Wapo wanaodai kwamba mumewe wa tatu, mwandishi Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika. Ubishi huo haujaisha, lakini kurasa za farasi zina mambo ambayo ni vigumu kuyapata bila kuamka alfajiri.

Alirudi Kenya akiwa na miaka karibu 50, bila fedha, na akaanza upya kwenye kazi ya ujana wake. Umri haukumpunguzia jicho. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishinda Kenya Derby mara sita na kuwa mkufunzi bora mara tano.

Hata hivyo, lipo ambalo jicho lolote haliwezi kuliona. Farasi wa Marekani aitwaye Secretariat, aliyefagia mashindano makubwa matatu mwaka 1973, alipokufa mwaka 1989 daktari aliyempasua alikadiria kwamba moyo wake ulikuwa na uzito wa karibu kilo 10, zaidi ya mara mbili ya moyo wa kawaida wa farasi wa aina yake. Kwa nje alikuwa farasi mzuri kati ya farasi wazuri.

Uzeeni Beryl aliishi kwa shida katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Mwaka 1983 kitabu chake kilichapishwa tena Marekani, kikauzwa kwa wingi, na fedha zikaanza kumfikia akiwa na zaidi ya miaka 80. Alizitumia kwa miaka mitatu tu. Alifariki Nairobi Agosti 3, 1986.