Willie Hoppe: bingwa wa biliyari aliyeanza upya kwenye bandi tatu akiwa mtu mzima

Mchezaji wa biliyari pale Baraka au Fizi-centre anaijua hali hii vizuri. Mpira wake umefichwa nyuma ya mpira wa mwenzake, njia ya moja kwa moja imefungwa, na asipougusa mpira wake kwanza ni kosa, na mwenzake anapewa nafasi ya bure. Hapo hakuna njia nyingine isipokuwa kupeleka mpira mweupe kwenye bandi kwanza, urudi, kisha uguse pale unapotakiwa. Wengi wanapiga kwa nguvu na kuomba Mungu. Mpira unazunguka meza nzima, watu wanacheka, na mchezo unapotea.

Mtu aliyefanya kazi hiyo ya bandi ijulikane duniani kote aliitwa Willie Hoppe, Mmarekani aliyefariki mwaka 1959. Kati ya mwaka 1906 na 1952 alihesabiwa mataji 51 ya dunia. Hata hivyo, mchezo wa bandi tatu, ule uliomfanya azeeke na heshima, hakuushika kwa dhati akiwa kijana. Alilazimika kuanza upya wakati watu wa umri wake walikuwa wanaweka fimbo chini.

Hoppe alizaliwa tarehe 11 mwezi wa kumi mwaka 1887 huko Cornwall-on-Hudson, mji mdogo ulio kando ya mto Hudson katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa na hoteli, na ndani ya hoteli hiyo kulikuwa na meza ya biliyari kwa ajili ya wageni. Mtoto alikuwa mfupi mno, hivi kwamba alipandishwa juu ya sanduku ili aone mipira. Baba hakuichukua kama michezo ya watoto. Alimfundisha Willie pamoja na kaka yake Frank kwa ukali, saa nyingi kila siku, na baadaye akawazungusha katika miji mbalimbali, watu wakilipa kuwaona watoto wakiwashinda wazee. Wazazi wanaopeleka watoto wao sokoni kuuza kabla ya masomo hawatashangaa. Kule pia kipaji cha mtoto kiligeuka kuwa mkate wa nyumbani.

Ule ufupi ulimwachia alama ya maisha. Kwa kuwa hakufika juu ya meza vizuri, alizoea kuipeleka fimbo kwa kuzungusha mkono kando ya mwili, badala ya kuuacha mkono uning'inie wima kutoka kwenye kiwiko namna walimu wanavyofundisha. Alipokuwa mrefu, mkono ulikuwa umekwisha kuzoea. Hakuubadilisha tena. Walimu wa leo wangemsahihisha siku ya kwanza, na pengine wangemharibu: mkono ule, hata kama umepinda, ulifanya jambo lilelile kila mara, na katika biliyari hilo ndilo linalohesabiwa.

Ni vizuri kueleza mchezo wenyewe, maana si ule wa mashimo sita unaochezwa siku hizi kwenye baa zetu. Hoppe alianza na meza ya mashimo, kisha akahamia biliyari ya Kifaransa, ambayo meza yake haina shimo hata moja. Mipira ni mitatu tu, miwili myeupe na mmoja mwekundu. Pointi inapatikana pale mpira wako unapogusa mingine yote miwili. Kwa kuwa mabingwa waliweza kuikusanya mipira pembeni na kupata mamia ya pointi bila kukosa, hadi watazamaji wakasinzia, sheria zilibadilishwa: mistari ilichorwa juu ya kitambaa, na mchezaji akakatazwa kubaki pahali pamoja.

Katika mchezo huo wa mistari ndipo Hoppe alipojulikana. Tarehe 15 mwezi wa kwanza mwaka 1906, mjini Paris, kijana huyu wa miaka 18 alisimama mbele ya Maurice Vignaux, Mfaransa aliyekuwa karibu na miaka 60, mzee mwenye ndevu na heshima kubwa, bingwa ambaye Ufaransa nzima ilimjua. Mchezo ulifanyika katika Grand Hôtel. Hoppe alishinda kwa pointi 500 dhidi ya 323 na akarudi Marekani akiwa bingwa wa dunia. Kwa miaka kama 15 iliyofuata, aliyetaka taji alipaswa kupita kwake.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1921 Jake Schaefer mdogo, ambaye baba yake naye aliwahi kuwa bingwa, alimnyang'anya taji. Akaja Welker Cochran. Akaja pia Mbelgiji Edouard Horemans, aliyepiga fimbo kwa mkono wa kushoto. Wakati huo Fizi na Kongo yote zilikuwa chini ya utawala wa Ubelgiji, na biliyari ilikuwa moja ya michezo ambayo Wabelgiji waliipenda sana kwao. Hoppe alirudisha taji, akalipoteza tena. Mwaka 1925 alitoa kitabu cha maisha yake, kama mtu ambaye kazi yake inakaribia mwisho.

Shida kubwa zaidi haikuwa wale vijana. Watazamaji wenyewe walianza kuuacha mchezo wa mistari. Mpira uliokuwa ukisukumwa sentimeta chache, mara mia, mara mia mbili, haukuwafurahisha tena Wamarekani. Walitaka mpira unaokimbia. Wakageukia bandi tatu, mchezo ambamo mpira wako unapaswa kugusa bandi mara tatu au zaidi kabla ya kukamilisha pointi kwenye mpira wa pili. Ni mchezo mgumu. Wakati ule, bingwa aliyepata wastani wa pointi moja kwa kila zamu alihesabiwa kuwa mkubwa.

Kwa Hoppe hiyo ilikuwa kama fundi wa kushona suti kuambiwa sasa ajenge mitumbwi. Maisha yake yote alijifunza kuishika mipira karibu, kuigusa kwa upole, isitawanyike. Sasa mpira ulitakiwa kusafiri urefu wa meza, mita 3 hivi, ugonge ukuta mmoja, wa pili, wa tatu, na mwishoni ufike pahali pembamba kama ukucha. Ukuta ukawa njia. Na hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia. Alilishwa na fimbo tangu utotoni. Angeweza kubaki jina la zamani linaloitwa kwenye maonyesho. Badala yake aliingia katika mashindano ya bandi tatu na kukubali kufungwa na watu ambao katika mchezo wa zamani wasingemkaribia.

Mwaka 1936, akiwa na miaka 48, alimshinda Cochran na kuchukua taji la dunia la bandi tatu. Mwaka 1940, mjini Chicago, alicheza michezo 20 ya mashindano ya dunia na kushinda yote 20. Katika mchezo ambao hata bingwa anakosa kama mara moja kwa kila anapofanikiwa, kumaliza bila kufungwa hata mara moja ni jambo la kushangaza kuliko mataji mengine yote aliyoyapata.

Mwaka uliofuata, 1941, kilitoka kitabu chake cha mafundisho, Billiards As It Should Be Played. Humo wasomaji wengi walikutana na hesabu ya almasi. Hoppe hakuibuni; wachezaji wa kabla yake walikuwa wanahesabu tayari. Lakini kitabu chake ndicho kilichoitoa mikononi mwa wachache. Na kwa kijana anayeumia na mpira uliofichwa, hesabu hiyo inafaa kuelezwa polepole.

Pembeni mwa meza nyingi kuna alama ndogo zilizopangwa kwa nafasi sawa. Upande mrefu umegawanywa mara nane, upande mfupi mara nne. Alama hizo si mapambo. Ni rula.

Kwa bandi moja, hesabu ni rahisi. Kama mpira mweupe na mpira unaotaka kuugusa viko umbali sawa kutoka kwenye bandi, lenga katikati yao kwenye bandi hiyo. Kama mweupe uko mbali mara mbili kuliko ule mwingine, gawa nafasi iliyo kati yao mara tatu, uhesabu sehemu mbili kutoka upande wa mweupe, ulenge hapo. Ni sawa na kioo: mpira unaingia na kutoka kwa pembe inayofanana.

Kwa bandi tatu, mchezaji anasimama kwenye kona ya chini kushoto, na kona hiyo inapewa namba 5. Upande mrefu ulio mkabala unahesabiwa kuanzia kona ya mbali: sifuri, moja, mbili, tatu. Upande mrefu wa mchezaji mwenyewe, pahali mpira utakaporudi, unahesabiwa vilevile kutoka mwisho wa mbali. Kisha ni kutoa tu. Ukitaka mpira ufike alama ya tatu upande wako, toa tatu kwenye tano, unabaki na mbili. Lenga alama ya pili mkabala. Ukitaka ufike ya nne, lenga ya kwanza. Mpira unagusa upande mrefu, unagusa upande mfupi wa mbali, unarudi. Mtoto wa darasa la kwanza anaijua hesabu hiyo, lakini wazee wengi wamecheza miaka 30 bila kuijua.

Kuna sharti. Mpira mweupe haupigwi katikati. Unapigwa pembeni kidogo, upande ule mpira utakaoelekea baada ya kugusa bandi ya kwanza, ili ujizungushe na bandi ziufungulie njia. Ukiupiga katikati, utarudi mfupi na hesabu itaonekana ya uongo.

Nguvu nayo inaharibu. Ukipiga kwa nguvu, raba ya bandi inabonyea sana na mpira unarudi wima kuliko ulivyotegemea. Ukipiga polepole, unatanuka. Ndiyo maana wanaopiga kwa hasira wakiwa wamefichwa wanakosa: pembe waliyoiona kwa macho si ile ambayo nguvu yao inaitoa. Piga bandi kwa nguvu ileile kila siku, ya kiasi, na baada ya wiki chache jicho litaanza kuizoea meza.

Meza zenyewe hazifanani. Huko Ulaya meza za mashindano zinapashwa moto kwa chini ili kitambaa kibaki kikavu. Kando ya Ziwa Tanganyika hakuna anayepasha meza moto. Mvua ikinyesha, kitambaa kinashika unyevu, mpira unachoka mapema, na raba iliyozeeka inajibu kila pahali kwa namna yake. Mchezaji mwenye akili, kabla ya kuweka franka zake, anapiga mipira miwili mitatu ya bure kutoka konani na kuangalia inaishia wapi. Ikiwa hesabu inasema alama ya tatu na mpira unafika mbili na nusu, basi siku hiyo, kwenye meza hiyo, kuna nusu ya kuongeza.

Hoppe mwenyewe aliishi kwa kurudia. Kwa miaka mingi alifanya kazi na kampuni ya Brunswick, watengenezaji wa meza, akisafiri mji kwa mji kuonyesha mchezo. Watu waliofika kumuona walikuta bwana mtulivu, amevaa vizuri, asiye na maneno mengi, na mkono ule wa kando uliotoka kwenye sanduku la utotoni ukiendelea na kazi yake.

Kuanzia mwaka 1947 alilishika tena taji la bandi tatu na hakuliachia. Katika mashindano ya mwaka 1952 mjini San Francisco, miongoni mwa wapinzani alikuwepo Masako Katsura wa Japani, mwanamke wa kwanza kugombea taji la dunia la biliyari. Wanaume wengi walikuja kuangalia kama kichekesho, lakini fimbo yake iliwanyamazisha. Taji lilibaki kwa Hoppe. Mwaka huohuo, akiwa anakaribia miaka 65, aliacha mashindano akiwa bado bingwa, jambo ambalo wanamichezo wachache wanalipata.

Willie Hoppe alifariki mjini Miami, Florida, tarehe 1 mwezi wa pili mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 71. Miezi michache baadaye, shirikisho la dunia la biliyari liliundwa, na ubingwa wa bandi tatu ukaanza kuhamia Ulaya. Mtu aliyekuja kuutawala kwa miaka mingi alitoka Ubelgiji, Raymond Ceulemans, ambaye alizaliwa mwaka 1937, mwaka mmoja tu baada ya Hoppe kumshinda Cochran.