Denis Burkitt na Mpaka wa Nyanda za Juu

Mji wa Nakuru uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kisumu, mji wa ufuoni mwa Ziwa Viktoria ulio umbali usiofika kilomita 200, uko chini ya Nakuru kwa takriban mita 700. Kwa msafiri, tofauti hiyo ni ya baridi na joto tu. Kwa watoto wa Afrika Mashariki, hata hivyo, ilikuwa pia mpaka wa maradhi. Aliyeutambua mpaka huo ni daktari wa upasuaji mwenye jicho moja, Denis Parsons Burkitt.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho lake la kulia. Alisomea udaktari katika Chuo cha Trinity, Dublin, akafuzu mwaka 1935. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alihudumu jeshini nchini Kenya na Somalia, na mwaka 1946 akaajiriwa na serikali ya kikoloni ya Uganda. Alianzia Lira, kisha akahamia hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, Hugh Trowell alimwita atazame mtoto wa kiume aliyevimba taya zote mbili, kushoto na kulia. Burkitt hakujua maradhi yale yalikuwa nini. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto wa kike mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Huenda wa kwanza angesahaulika; wa pili alimkosesha utulivu. Alirejea Mulago akapekua kumbukumbu za wagonjwa, akabaini kwamba uvimbe uliokuwa ukipewa majina mbalimbali, wa taya, figo au ovari, ulikuwa ugonjwa mmoja. Aliuchapishia makala mwaka 1958. Baadaye ilithibitika kuwa ni saratani ya chembe za limfu, yaani chembe za kinga yenyewe ya mwili.

Mwenda bure si mkaa bure. Mnamo Oktoba 1961, Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu. Kwa majuma kumi walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza katika kila hospitali kama uvimbe ule ulikuwa umeonekana. Ramani iliyopatikana ilionyesha kwamba maradhi yalifuata joto na mvua. Katika Afrika Mashariki yalikuwa nadra juu ya mita 1,500 hivi. Hivyo nchini Kenya yalishika Pwani na kandokando ya ziwa, yakaziacha nyanda za juu za Bonde la Ufa. Mipaka hiyo ilikaribiana na ile ya malaria.

Mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr walitangaza kugundua virusi katika chembe za uvimbe uliotumwa London kutoka Kampala. Leo inafahamika kwamba malaria ya mara kwa mara hudhoofisha udhibiti wa mwili juu ya virusi hivyo.

Upasuaji haukuwafaa watoto wale, na tiba ya mionzi haikuwako. Burkitt alijaribu dawa, na uvimbe ukanywea kwa siku chache. Baadhi ya wagonjwa walipona kwa dozi moja au mbili tu. Alihoji: dozi ndogo namna ile ingewezaje kuua kila chembe ya saratani? Alishuku kwamba kinga ya mtoto mwenyewe ilikuwa imeikamilisha kazi. Uchunguzi wa George Klein wa Sweden ulionyesha kwamba damu ya wagonjwa ilikuwa na kingamwili dhidi ya chembe za uvimbe.

Hapo pana kitendawili. Dawa hizo huangamiza pia neutrofili, chembe nyeupe zilizo nyingi zaidi katika damu na askari wa kwanza dhidi ya bakteria. Mtoto aliyeokolewa na saratani aliweza kuuawa na homa ya maambukizi. Isitoshe, utafiti wa sasa unaonyesha kwamba neutrofili zenyewe huweza kuua chembe za saratani au kuzisaidia kuenea, kutegemea mazingira ya uvimbe. Mlinzi aweza kugeuka mshirika wa adui.

Burkitt alifariki Uingereza tarehe 23 Machi 1993. Uvimbe ule unaitwa kwa jina lake hadi leo. Watoto wawili wa Mulago na Jinja ndio ambao nyuso zao zilimfunza kutazama. Nao ugonjwa ungali unawashika watoto wa Magharibi mwa Kenya na Pwani, na wengi wao hufikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa, ilhali dawa ipo.