Harriet Powers, mama aliyeshona Biblia

Hapa Bukavu wamama washonaji hawatupi ovyo vipande vya vikwembe vinavyobaki chini ya mashini. Kwa vipande vya namna hiyo Harriet Powers alihubiri.

Alizaliwa mtumwa mwaka 1837 huko Georgia, Marekani. Utumwa ulipokwisha, yeye na mume wake Armstead walilima shamba dogo karibu na mji wa Athens. Mwaka 1886 alipeleka kwenye maonyesho ya pamba blanketi lenye picha 11 za Biblia. Watu na wanyama aliwakata katika kitambaa, akawashona juu ya kitambaa kingine: Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimwua Habili, Yakobo akiota ngazi, Yuda na vipande vyake 30 vya fedha, Yesu msalabani.

Jennie Smith, mwalimu wa sanaa, alitaka kulinunua. Harriet alikataa. Lakini miaka michache baadaye maisha yalikuwa magumu, akalileta mwenyewe, akaomba dola 10. Akapewa 5. Mume wake alimshauri akubali, nasi hatumlaumu, ingawa bei ile inatuuma. Kabla ya kuliacha, alieleza kila picha, na Jennie akaandika. Ndiyo sababu tunajua leo alichotaka kusema.

Alifariki tarehe 1 Januari 1910. Blanketi hilo limehifadhiwa Washington. Lingine, lenye picha 15, liko Boston. Alipokuwa hai, alirudi mara kadhaa kwa Jennie kulitazama tu.