Sarafu za Mfalme Farouk

Mfalme Farouk wa Misri alizaliwa mwaka 1920, akarithi kiti cha baba yake mwaka 1936, angali kijana wa miaka 16. Alipenda mno kukusanya vitu vya tunu, hasa sarafu za dhahabu. Mwaka 1944 alinunuliwa huko Marekani sarafu ya dola 20 ya mwaka 1933. Nyingine za chapa hiyo karibu zote ziliyeyushwa kabla ya kutumika.

Julai 1952 maofisa wa jeshi walimpindua, akaenda uhamishoni Italia. Mwaka 1954 serikali mpya ilizinadi mali zake katika Kasri la Koubbeh, Cairo. Sarafu nyingi zilitolewa kwa mafungu, zikapata bei duni. Ile ya 1933 iliondolewa mnadani kwa ombi la Marekani, kisha ikatoweka. Farouk alifariki Roma mwaka 1965. Sarafu ilionekana New York mwaka 1996, na mwaka 2021 iliuzwa kwa karibu dola milioni 18.9.

Dhahabu iliyomo ni gramu 30 tu, uzito ambao kila mchimbaji wa Geita anaujua bei yake. Kilichozidi ni thamani ya historia.

Twawakumbusha viongozi wa Shinyanga na Geita, na ndugu zetu wa visiwa vya Ukerewe na Kome, kwamba sarafu za rupia 15 zilizopigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke nazo ni tunu. Popote zilipo ziorodheshwe, zisiishie kwenye mizani ya sonara. Tunu iuzwayo kwa pupa humfaidi mnunuzi.