Abebe Bikila katika kiti cha magurudumu

Tunapowapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu katika vigango vya Ufipa, mara nyingine tunamkuta kijana aliyelala tangu alipoanguka na pikipiki, ambaye miguu yake haina hisia tena. Huyo hatuulizi habari za kifo. Hutuuliza sasa ataishi kwa kazi gani. Kwa ajili yake tunasimulia maisha ya Abebe Bikila wa Ethiopia.

Alizaliwa mwaka 1932, akawa askari wa kikosi cha kumlinda Mfalme Haile Selassie. Mwaka 1960 mjini Roma alikimbia marathoni bila viatu, akashinda usiku penye Tao la Konstantino. Mwaka 1964 alishinda tena mjini Tokyo, majuma machache baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Mwaka 1968 kule Mexico maumivu ya mguu yalimlazimisha kuziacha njiani mbio zile zile ambazo Mtanzania mwenzetu, John Stephen Akhwari, alizimaliza akichechemea.

Usiku mmoja wa Machi 1969 gari lake lilipinduka. Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, ambako daktari Ludwig Guttmann alikataa kwamba aliyeumia uti wa mgongo aachwe alale akingoja kufa. Aliwapa wagonjwa wake kazi na michezo. Mwanzoni Abebe hakuweza hata kugeuza kichwa. Baada ya miezi mingi mikono ilirudi, miguu haikurudi. Bingwa wa dunia akajifunza kuketi na kusukuma kiti chake mwenyewe. Kwetu sisi huo ndio ushindi wake mgumu zaidi, ingawa hakuna aliyempigia makofi.

Mtu huyu wa imani alisema kwamba ajali aliipokea kama mapenzi ya Mungu, kama alivyoupokea ushindi. Lakini kupokea kwake hakukuwa kukata tamaa. Mwaka 1970 alishindana kwa upinde na mishale, mchezo unaodai mikono, na mikono alikuwa nayo. Mwaka 1971, nchini Norway, alishinda mbio za sleji za kilomita 25 kwenye theluji.

Mwaka 1972 alialikwa Olimpiki ya Munich, na uwanja mzima ukamshangilia. Frank Shorter wa Marekani, mshindi wa marathoni, alipokwisha kuvishwa medali alikwenda kumpa mkono katika kiti chake.

Abebe alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na miaka 41, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Yosefu, Addis Ababa.