Sutton E. Griggs: Mchungaji Aliyejichapishia Riwaya

Sutton Elbert Griggs alizaliwa mwaka 1872 huko Chatfield, Texas, nchini Marekani. Baba yake, mchungaji wa Kibaptisti, alikuwa amezaliwa utumwani. Griggs naye alisomea theolojia mjini Richmond, akahitimu mwaka 1893 na kuingia katika uchungaji.

Riwaya yake ya kwanza, Imperium in Imperio (1899), yahusu dola ya siri ya Wamarekani Weusi. Kati ya mwaka 1901 na 1908 alitoa riwaya nyingine nne kupitia kampuni yake mwenyewe, Orion, ya mjini Nashville. Mojawapo, The Hindered Hand (1905), ilimjibu Thomas Dixon, Mzungu aliyepata pia kuwa mchungaji wa Kibaptisti, ambaye riwaya zake zilitetea ubaguzi wa rangi.

Kwa kujichapishia, Griggs hakuhitaji idhini ya mhariri yeyote. Hata hivyo, uhuru huo ulikuwa na gharama. Vitabu alivitembeza mwenyewe kwa wasomaji Weusi, ambao wengi wao walikuwa maskini. Mauzo hayakutosha, na madeni yakamlemea. Masaibu hayo aliyasimulia katika tawasifu yake ya mwaka 1914. Baada ya mwaka 1908 hakutoa riwaya tena, bali alijishughulisha na kanisa na maandishi ya kijamii. Alifariki Houston mwaka 1933.

Maisha yake yadhihirisha kwamba mtunzi anayemiliki uchapishaji hulinda dhamira yake, lakini bila wasomaji wenye uwezo wa kununua, kalamu yake hulemewa.